Mtoto akitimiza miaka mitano: kupanga bima ya afya ya familia kabla ugonjwa haujabisha hodi

Mwaka juzi mama mmoja wa hapa Kihonda alimpeleka hospitali mwanawe aliyeanguka kutoka kwenye mwembe. Mkononi alishika kadi ya kliniki, ileile aliyokuwa akija nayo kumpima mtoto uzito na kumchanja. Dirishani akaambiwa kadi hiyo haimsaidii tena kwa sababu mtoto ana miaka sita. Eksirei, dawa ya maumivu na plasta, vyote vilitakiwa kulipiwa, na hakuwa na pesa. Akarudi nyumbani kujipanga. Jirani anayejua kufunga mifupa akamfunga mtoto, na waliporudi hospitali baada ya wiki mbili mfupa ulikuwa umeanza kuunga ukiwa umepinda. Ilibidi uanze kunyooshwa upya.

Mama huyu si mzembe. Namfahamu tangu mimba ya mtoto huyo, na kliniki hakukosa hata mwezi mmoja. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia, nasi wauguzi tumo katika lawama hiyo, kwamba siku mtoto anapotimiza miaka mitano kuna kitu kinaisha. Tunampongeza mama kwa kumaliza kliniki, tunamwambia kwaheri, na hatumwambii nini kinafuata.

Makala hii ni kwa ajili ya hicho kinachofuata.

Anza kwa kuandika majina

Chukua daftari la mtoto wa shule, ukurasa mmoja unatosha. Andika kila mtu anayekula kwenye sufuria yako, umri wake, na mbele ya jina lake andika nani atalipa akiugua leo usiku. Usiandike nani angepaswa kulipa. Andika nani atalipa kweli.

Utakuta baadhi ya majina serikali inawabeba tayari. Kwa sera ya afya ya nchi yetu, mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo naye ana msamaha. Chanjo ni bure kwa kila mtoto. Dawa za kifua kikuu na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ni bure kwa kila mtu, ana bima au hana. Kwa hiyo ukisikia mtu anakuuzia bima kwa kukuambia itakulipia chanjo, jua anakuuzia maji ya mvua.

Lakini angalia vizuri msamaha huu ulivyo. Mama mjamzito anao kwa sababu ya mimba na uzazi, si kwa maisha yake yote. Miezi michache baadaye akipata kidole tumbo ni mgonjwa wa kulipia kama wengine. Mtoto anao mpaka siku ya kuzaliwa kwake ya tano. Na bibi yenu aliyeko Matombo au Mgeta hatausikia msamaha wake kama hana kitambulisho cha mzee cha matibabu, ambacho huanzia kwenye serikali ya kijiji na kupitishwa na halmashauri. Wazee wengi wa milimani wana haki hiyo na hawana kitambulisho. Wanakuja kuugulia mjini kwa watoto wao, na anayelipa ni wewe. Ukienda kusalimia Desemba, fuatilia jambo hili kwa mtendaji wa kijiji kabla hujafungasha ndizi za kurudi nazo.

Sasa tazama majina yaliyobaki bila mlipaji. Kwa nyumba nyingi ninazotembelea ni mtoto wa kati ya miaka 5 na 17, na mama mwenyewe. Hao ndio wa kukatiwa bima kwanza.

Kwa nini huwezi kununua bima ukiwa wodini

Akina mama wengi huniuliza, "Nesi, kwa nini nilipe na siumwi?" Ni swali zuri, na jibu lake tumeliona kwa macho yetu hapa nchini.

Mwaka 2016 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianzisha Toto Afya Kadi. Mzazi alilipa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa mtoto mmoja wa chini ya miaka 18, sawa na shilingi 4,200 kwa mwezi, na mtoto akapata kadi. Ilikuwa nafuu sana. Mwaka 2023 Mfuko ukasitisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja, ukaelekeza watoto waandikishwe kupitia shule au pamoja na familia zao. Akina mama walilia, na nilikuwa mmoja wa waliolalamika. Sababu iliyotolewa ni kwamba wengi waliokuwa wakikata kadi walifanya hivyo mtoto akiwa tayari mgonjwa, huku wazazi wa watoto wazima wakikaa pembeni. Baadaye utaratibu wa watoto ulirejeshwa, lakini somo lilibaki.

Bima ni kama kikoba cha msiba. Kinasimama kwa sababu wanaochangia ni wengi na wanaofiwa kwa mwezi ni wachache. Kila mmoja akisubiri afiwe ndipo ajiunge, mweka hazina atafungua sanduku na kukuta hewa. Ndiyo maana mifuko ya bima mara nyingi huweka siku za kusubiri kati ya kulipa na kuanza kutumia kadi, na ndiyo maana huuliza maswali kuhusu magonjwa. Unapojiandikisha uliza hivi: "Kadi yangu inaanza kufanya kazi tarehe ngapi?" Andika tarehe hiyo kwenye daftari lako.

Ikiwa kuna mwenye mshahara nyumbani

Huyu ndiye wa kuangaliwa kwanza, kwa sababu bima ya kazini ndiyo inayosahaulika.

Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 3. Mchango huo humhudumia yeye, mwenza wake na wategemezi wanne. Wategemezi hao wanaweza kuwa watoto walio chini ya miaka 18, na wanaweza pia kuwa wazazi wake au wazazi wa mwenza. Baadhi ya kampuni binafsi nazo zimejiunga. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inamtaka hata mwajiri wa sekta binafsi amsajili mfanyakazi wake. Kama baba watoto yuko kiwandani huku Kihonda, aulize ofisini bila kuogopa. Hilo si ombi la fadhila.

Mwambie akuletee hati ya mshahara, mkae nayo mezani. Chukua mfano wa mshahara wa shilingi 400,000. Kwanza hutolewa mchango wa hifadhi ya jamii, ambao kwa NSSF mara nyingi ni asilimia 10 kwa upande wa mfanyakazi, yaani 40,000. Zinabaki 360,000 za kuhesabiwa kodi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazina kodi, na kutoka hapo mpaka 520,000 hutozwa asilimia 8. Kwa hiyo kodi ni asilimia 8 ya 90,000, yaani 7,200. Bima ya afya kwa asilimia 3 ni 12,000. Mkononi zinabaki 340,800.

Nimekufanyia hesabu hii kwa sababu nimekutana na zaidi ya mama mmoja aliyekuwa akiamini "makato yote ni kodi", na kumbe katika makato hayo kulikuwa na bima ya familia nzima ambayo mume hakuwahi kuwaandikisha wategemezi wake. Anakatwa 12,000 kila mwezi, mwajiri anaongeza 12,000, na watoto wanatibiwa kwa pesa ya kukopa. Ukiona mstari wa bima kwenye hati ya mshahara na watoto hawana kadi, hilo ni jambo la wiki hii. Ukiona mstari wa bima haupo kabisa, ndipo la kuuliza ofisini.

Kwa wale wa vibarua vya msimu, kama kwenye viwanda vya tumbaku, kumbukeni kwamba bima ya kazini hufuata ajira. Mkataba ukiisha, na kadi inakwisha. Kwa nyumba ya namna hiyo nashauri msitegemee kadi ya kazini peke yake. Wakati wa msimu, pesa zikiwa zinaingia, lipieni ya mwaka mzima pembeni.

Ikiwa mnaishi kwa biashara ndogo au shamba

Kwa miaka kadhaa, kaya nyingi zisizo na mshahara zilikuwa zikitumia Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF iliyoboreshwa. Mchango ulikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita mikoani, na huduma zilianzia zahanati, zikapanda kwa rufaa mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa. Sheria mpya inaleta mpango wenye kitita cha mafao ya msingi kwa kila mtu, na ukitaka zaidi unalipia ya ziada. Michango hubadilika, basi usitumie bei uliyosikia kwa shoga yako. Waulize mtendaji wa mtaa au ofisi ya NHIF ya mkoa pale mjini. Kwa wasio na uwezo kabisa, sheria hiyo imeweka mfuko wa kuwagharamia, na kati ya vyanzo vyake imetaja kodi za soda, pombe na vipodozi. Kama nyumba yako ni ya namna hiyo, hakikisha serikali ya mtaa inakufahamu na jina lako limeandikwa.

Pesa ya mwaka inatoka wapi? Wakulima wa milimani wanajua jibu: lipa wakati wa mavuno. Ukiuza karafuu au mdalasini, bima itoke kwenye fungu lile kabla ya kitenge. Muuza mboga anayeshusha mzigo wa Mgeta na kuuza Mawenzi kila siku hana mavuno makubwa ya mara moja, kwa hiyo yeye aweke kidogokidogo. Shilingi 30,000 kwa mwaka ni 2,500 kwa mwezi. Hata mchango ukiwa mara tano ya huo, ni 12,500 kwa mwezi, na ukiigawa kwa wiki unaweza kuiona.

Hapa niseme jambo la kodi, ingawa mimi ni nesi na si mtu wa TRA. Akina mama wengi wanakimbia daftari la mauzo kwa sababu wanaona kuandika ni kujishtaki. Ni kinyume chake. Kwa viwango vya wafanyabiashara wadogo vilivyoanza Julai 2019, mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hakutozwa kodi ya mapato. Hayo ni mauzo ya karibu 11,000 kwa siku, kila siku ya mwaka. Anayeuza kati ya milioni 4 na 7 bila kumbukumbu alitozwa 100,000. Mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4 tu. Tuseme umeuza milioni 5: bila daftari ni 100,000, na ukiwa na daftari ni 30,000. Tofauti ni 70,000. Pesa hiyo ingelipa mchango wa CHF wa kaya mara mbili na chenji ikabaki. Uliza ofisi ya TRA kiwango cha mwaka huu, kisha ununue daftari la pili. Moja la watu wa nyumbani, moja la mauzo.

Vyeti na majina

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na hakuna pesa inayoweza kukukwamua haraka. Ili mtoto awe mtegemezi kwenye kadi anahitaji cheti cha kuzaliwa. Mwenza huhitaji cheti cha ndoa. Mkubwa huhitaji namba ya NIDA. Na majina lazima yafanane, herufi kwa herufi. Nimeona mtoto akikaa miezi bila kadi kwa sababu tangazo la kizazi lilisema Zainabu na cheti kikasema Zainab, au baba aliandikwa jina la ukoo kwenye karatasi moja na jina la babu kwenye nyingine.

Mtoto wa chini ya miaka mitano hupata cheti cha kuzaliwa bila malipo. Akivuka umri huo utalipia, na utatakiwa kutoa maelezo mengi zaidi. Kwa hiyo mwaka wa tano ni mwaka wa mambo mawili: cheti na bima. Ukijifungua, kabla hujaondoka, soma tangazo la kizazi ulilopewa. Lisome pale pale wodini hata kama umechoka, na kosa lirekebishwe mbele yako. Hatukasiriki. Tunachoka na sisi, na mtu aliyechoka hukosea kuandika.

Wazazi walezi, yaani shangazi, bibi, mama mkubwa mnaolea watoto wa ndugu: mtoto haingii kwenye kadi yako kwa sababu tu unamlea. Mifuko huomba uthibitisho wa kisheria. Afisa ustawi wa jamii wa manispaa ndiye wa kuanza naye. Safari ni ndefu kidogo, ila nimeona walioimaliza.

Ukifika kituoni na kadi

Anzia chini. Zahanati au kituo cha afya kwanza, kisha rufaa. Ukienda moja kwa moja hospitali kubwa kwa homa na kikohozi bila barua ya rufaa, kadi inaweza kukataliwa na utaona umeonewa. Dharura ni jambo lingine, nitalirudia.

Ukiambiwa dawa hakuna, usikimbilie duka la dawa na pesa yako. Uliza kwanza kama kuna fomu ya kuchukulia dawa hiyo kwenye duka lililosajiliwa na mfuko wako. Mara nyingi ipo, na asiyeuliza haambiwi. Fomu unayosaini isome: isiwe tupu, na isiwe na vipimo ambavyo mtoto hakufanyiwa.

Na kadi haiazimwi. Najua jirani ana shida na mwanawe anafanana na wako. Lakini mtoto wa jirani akitibiwa kwa jina la mwanao, ugonjwa wake unaandikwa kwenye taarifa za mwanao. Siku mwanao akiletwa hajitambui, daktari atasoma historia isiyo yake. Hili linanitia hofu kuliko hata hilo la kufungiwa kadi.

Kama huna bima, huna msamaha na huna pesa, usiondoke kimyakimya kama yule mama. Omba kuonana na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kurudi nyumbani. Kazi yao ni pamoja na kuwapitisha wasio na uwezo, na wanaweza kukupangia kulipa kidogokidogo.

Ambayo kadi haitalipa

Kadi hailipi bajaji ya usiku. Hailipi chakula cha anayemuuguza, wala siku tano ambazo genge limefungwa, wala nauli ya kwenda Muhimbili mkipewa rufaa. Hapa ndipo kikoba kinapofanya kazi yake. Vikundi vingi vya VICOBA vina mfuko wa jamii kando ya hisa. Kwenye kikao kijacho uliza katiba yenu inasemaje: je, ugonjwa wa mtoto unahesabiwa, ni kiasi gani, na je, pesa inatoka usiku au mpaka mkutane Jumamosi? Kikundi kimoja ninachokijua kilibadili kanuni ili viongozi watatu waweze kutoa pesa ya dharura kwa simu. Ni badiliko dogo ambalo nimeliona likimfikisha mtoto hospitali saa saba usiku.

Ajali ya barabarani nayo ina bima yake. Kila chombo cha moto kinatakiwa kisheria kuwa na bima ya mtu wa tatu, bodaboda ikiwemo. Mwanao akigongwa pale kwenye barabara ya Dodoma, atibiwe kwanza, lakini hakikisheni ndugu mmoja ananakili namba ya chombo na mnapata PF3 polisi. Bila namba na PF3, madai ya fidia baadaye ni magumu mno.

Wakati wa kutosubiri kadi

Mtoto mwenye degedege, anayepumua kwa shida, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya au kunywa, aliyelegea au ambaye huwezi kumwamsha, mpeleke kituo kilicho karibu sasa hivi. Usitafute kadi kabatini, usimsubiri baba atoke kazini. Karatasi zitamfuata.

Kama una mtoto anayetimiza miaka mitano mwaka huu, siku ya kliniki njoo na kadi yake na ile kurasa ya daftari, hata ikiwa na nafasi tupu mbele ya majina. Tutakaa benchi la nje baada ya zoezi la kupima uzito na tutaijaza pamoja.